Ndege yangu ya petroli inazima ikishapata moto, nimefunga CDI mpya (kile kiboksi kinachotengeneza cheche ya plagi) na bado. Mafundi wa Mwanza nisaidieni

Kipanga_wa_Igoma

Wakuu habari za jioni. Nina ndege ya modeli, ya kurusha kwa rimoti, sio droni jamani maana kila nikiandika humu kuna mtu anauliza napiga picha za harusi bei gani. Ni ndege ya mabawa kabisa, mita mbili na ushee ncha mpaka ncha, injini ya petroli tustroki ya cc 30, propela inchi 18 kwa 8. Niliinunua kwa mzungu mmoja alikuwa anarudi kwao.

Sasa shida yenyewe. Asubuhi inawaka vizuri, unazungusha propela mara tatu nne inashika, sailensa (mngurumo wa chini bila resi) safi, resi safi. Unairusha, ikifika kama dakika ya tano hewani inazima. Jumapili imenizimia juu ya majaruba kule upande wa Kisesa, nikaishusha kavukavu hivyo hivyo bila injini, gurudumu moja likang'oka na watoto wakawa wameshafika kabla yangu, mmoja ameshika mkia anauliza rubani yuko wapi. Ukiiacha nusu saa inawaka tena kama haijawahi kuumwa.

Nilichofanya mpaka sasa: plagi mpya, betri nimechaji mpaka mwisho, mafuta nimemwaga nikaweka mengine, na CDI nimeagiza nje, imekaa njiani wiki sita, nimeifunga ijumaa, ugonjwa ni ule ule. Nimebaki na hasira tu.

Sato_Mkavu

Nimekaa paleee mbele na kikombe changu, ngoja waje wenye fani zao

Mpenda_Resi

Kabureta hiyo mkuu usizunguke. Mwanza tuko juu, ziwa lenyewe lipo mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, hewa nyembamba, na hiyo injini imetuniwa na watu wa huko tambarare. Ongeza mafuta kwenye skrubu utanishukuru

Fundi_Mwaloni

Mimi ndege sijui, naijua mashine ya boti tangu sijaota ndevu, ila tustroki ni tustroki. Kwanza kijana wa juu hapo umegeuza. Hewa ikiwa nyembamba mafuta ndio yanazidi, sio yanapungua, kwa hiyo huku kwetu unapunguza skrubu kidogo, ukiongeza unamzamisha. Na mashine iliyozidiwa mafuta unaijua, moshi mwingi, inakohoa, plagi ukifungua nyeusi imeloa. Haizimi baada ya dakika tano ikalala nusu saa ikapona.

Mwenye uzi nijibu swali moja tu. Inazimaje? Maana mashine inayokosa mafuta inakufa kama mgonjwa, inaaga. Inapanda resi kidogo, inashuka, inapanda, inabembeleza, halafu ndio inalala. Inayokosa moto wa plagi haiagi, ni kama umeta umekatika nyumbani. Kabla hujanunua chochote jua imekufa kifo gani. Wewe umenunua CDI kabla ya kumuuliza marehemu.

Kipanga_wa_Igoma

Mzee shikamoo. Inakatika ghafla kabisa, hata sauti haibadiliki. Nilikuwa resi nusu, mara kimya, nasikia upepo tu kwenye mabawa.

*umeme mzee sio umeta 😂

Fundi_Mwaloni

Marahaba. Vidole vikubwa simu ndogo. Basi ni moto, kabureta iacheni ipumzike.

Nilishawahi kupata kesi kama hii kwa wavuvi wa dagaa, mashine inawapeleka vizuri mpaka karibu na kisiwa cha Saanane inazima, wanakaa wanaelea na taa zao, baada ya muda inawaka wanaendelea. Wenyewe wakasema kuna mtu kawaroga. Nilipofungua flaiwili nikakuta koili ya chini waya wake umekatika ndani ya ganda, nje huoni kitu. Ikiwa baridi ncha zinagusana, ikipata moto chuma kinatanuka zinaachana, ikipoa zinarudi kwa mwenzake kama watu waliogombana usiku. Kwa hiyo tafuta kitu kinachopata moto.

Boda_Injinia

Rahisi sana hii, kama kwenye pikipiki. Chomoa kofia ya plagi, ushike waya mbali na kichwa cha injini kama sentimita moja, zungusha, ukiona cheche inaruka CDI nzima, usipoona imekufa. Mi nafanya hivyo kila siku hapa Buhongwa

Dada_Saketi

Boda_Injinia kaka yangu usimfundishe hivyo tafadhali, ataua na hiyo mpya.

Ngoja nieleze maana nimeshika hizi CDI ndogo mezani kwangu na zinatofautiana na za bodaboda. Ya pikipiki nyingi inapata umeme wa kuchajia kutoka kwenye koili za injini yenyewe. Hii ya ndege haina koili hizo, inakula betri ndogo ya volti 4.8 mpaka 6 hivi, kuna saketi ndani inapandisha hizo volti mpaka mamia, inazijaza kwenye kapasita, afu sensa ya mbele ya injini, inayohisi kisumaku kinachozunguka na propela, ikipiga kengele kapasita inajimwaga kwenye koili ndogo iliyomo humo humo ndani ya kiboksi na pale ndio unapata maelfu ya volti kwenye plagi. Kila kitu kimebanana kwenye kiboksi cha ukubwa wa viberiti viwili. Sasa huo moto ukikosa njia ya kutokea kwenye plagi, unatafuta njia ndani, unatoboa insulesheni, na kazi imeisha. Kwa hiyo sheria ya kwanza, plagi lazima iwe ndani ya kofia na mwili wa plagi uguse chuma cha injini, ndio uwashe swichi. Bila hivyo usiwashe kabisa hata kwa utani.

Na jambo la pili, swichi ikiwa imewashwa hiyo propela ni panga. Ukiisogeza na mkono sumaku ikapita kwenye sensa, na kuna petroli silindani, inaweza kupiga. Funga ndege kwenye mti, au mtu aishike mkia.

Kipanga_wa_Igoma

Dada asante sana, nilikuwa naelekea kuchomoa kofia kweli.

Boda_Injinia

Sawa dada nimekubali yaishe. Ila za kwetu hazifi 😅

Dada_Saketi

Hazifi siku hiyo hiyo 😅

Kipanga fanya hivi. Usirushe, iwashe chini, ifunge vizuri, iache ifanye kazi mpaka izime yenyewe. Ikizima tu, usisubiri ipoe, hapo ndio ushahidi upo. Bana mpira wa tanki, toa plagi, ingiza plagi kwenye kofia, igusishe kwenye chuma cha injini lakini MBALI na tundu la plagi maana silinda yenye moto inarusha mvuke wa petroli na wewe unatengeneza cheche pembeni yake. Washa swichi, zungusha propela kwa mkono taratibu, cheche moja kwa kila mzunguko. Niambie unaona nini.

Na betri usiipime ikiwa imelala. Betri yoyote ikilala inasema nzima. Ipime injini ikiwa inanguruma, uone inashuka mpaka ngapi ukipiga resi. Zile swichi ndogo ndogo za plastiki nazo zinakula volti, wengi wanasahau, kwa hiyo pima baada ya swichi, pale waya unapoingia kwenye CDI.

Mkulima_wa_Magu

Samahani naingilia, hivi hizi ndege zinaruhusiwa? Nisije nikanunua nikakamatwa

Kipanga_wa_Igoma

Mkuu vyombo vya kuruka bila rubani viko chini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, waulize wao kwanza kabla hujatoa hela. Na usirushe karibu na uwanja wa ndege kule Ilemela hata kama umeona uwazi mzuri, mimi naenda mbali kabisa mashambani, ng'ombe wanashtuka lakini tumeshazoeana.

Kipanga_wa_Igoma

Mrejesho wa leo jumamosi. Nimeifunga kwenye mwembe nyuma ya nyumba, mdogo wangu kashika mkia, majirani wamejaa ukutani kama kuna mechi Kirumba. Volti baada ya swichi 5.1 sailensa, nikipiga resi 4.9. Dakika ya sita ikazima puu. Nikafanya kama dada alivyosema, mpira nimebana, plagi kwenye kofia, nikazungusha. HAKUNA CHECHE. Hata moja. Nimezungusha mara kumi na tano. Nikakaa nikanywa chai, baada ya dakika ishirini nikarudi, cheche za bluu zinalia tak tak tak kama kawaida.

Fundi_Mwaloni

Umeona. Sasa umemkamata akiwa na nyama mdomoni. Betri nzima, plagi nzima, moto hakuna ikiwa na joto, moto upo ikiwa na baridi. CDI inakaa wapi kwenye hiyo ndege yako, karibu na injini?

Kipanga_wa_Igoma

Hapana mzee, imefungwa kwenye ubao nyuma ya injini, juu ya sponji, upepo wa propela unapita hapo. Nimeigusa ilipozima, ya baridi tu, vuguvugu kidogo.

Fundi_Mwaloni

Basi sio hiyo. Kitu cha baridi hakiumwi homa.

Dada_Saketi

Mzee umesema vizuri. Kwenye huo mfumo chenye moto ni plagi na kofia yake, na SENSA. Ile sensa ndogo nyeusi ya waya tatu iliyofungwa mbele ya injini, nyuma ya habu ya propela. Kwenye habu kuna kisumaku kimezama, kila kikipita mbele ya sensa ndio CDI inajua pistoni iko wapi na lini ipige. Hiyo sensa imebanwa kwenye chuma cha injini chenye moto mkali, inakula mtikisiko siku nzima, na ndani ni kichipu kidogo kama punje ya mchele. Wa kwanza kufa mara nyingi ni huyo, au waya wake pale unapotokea.

Una mita? Hata ile ya elfu kumi na tano ya pale Makoroboi inatosha.

Kipanga_wa_Igoma

Ninayo dada

Dada_Saketi

Injini ikiwa baridi, plagi ndani ya kofia, mwili wa plagi umegusa chuma cha injini, petroli umeondoa kabisa. Sensa iache imechomekwa kwenye CDI, tafuta namna ya kugusa waya wa ishara kwa kuchoma sindano nyembamba kwenye kiunganishi cha waya, waya mweusi wa mita weka hasi ya betri. Mpangilio wa rangi usinifuate mimi, angalia karatasi ya CDI yako. Washa. Sumaku ikiwa mbali utasoma kama volti 5, sogeza propela mpaka sumaku ifike mbele ya sensa, inatakiwa idondoke karibu na sifuri na hapo hapo au ikitoka utasikia cheche. Ukipata hivyo sensa nzima ikiwa baridi.

Afu nenda saluni yoyote azima draya ya nywele. Ipulizie sensa mpaka isishikike na kidole, urudie kile kile.

Mama_Suka_Nyegezi

Draya yangu hamuigusi na petroli zenu 😂😂

Mpenda_Resi

Yani CDI, sumaku, draya ya saluni. Uzi huu utaishia hospitali

Kipanga_wa_Igoma

Nimeazima ya dada yangu bila kumwambia ya kazi gani.

Baridi: 4.9, sumaku ikifika inadondoka 0.1, cheche. Safi. Nimepuliza kama dakika tatu. Inasoma 4.9 haitikisiki, naweka sumaku mbele yake kabisa, 4.9. Nazungusha, 4.9. Nimeiacha ipoe imeanza tena kudondoka. Yani CDI haijawahi kuumwa hata siku moja, wiki sita nimesubiri kifurushi cha bure!!

Dada_Saketi

Pole sana. Ila nisubiri kidogo hapo kwenye kifurushi. CDI za aina hiyo kwa kawaida zinauzwa na sensa yake ndani ya boksi. Yako ilikuja bila?

Kipanga_wa_Igoma

...

Wakuu

Ipo. Ipo kwenye kimfuko cha nailoni, kwenye boksi, juu ya kabati. Ya zamani ilikuwa imegandishwa na gundi na skrubu zake zimeoza nikaona uvivu, nikachomeka tu CDI mpya kwenye sensa ya zamani kwa sababu viunganishi vya waya vilikubaliana.

Sato_Mkavu

😂😂😂😂 wiki sita dawa ipo juu ya kabati

Boda_Injinia

Na mi nilikuwa nataka kuchoma CDI nzima kwa sababu ya mtu mwenye sensa kabatini. Dah

Fundi_Mwaloni

Msimcheke sana, hata mimi nilishabadilisha koili ya boti nikaacha waya mbovu ule ule kwa sababu kuufikia kulitaka kufungua kila kitu. Fundi yeyote akikwambia hajawahi, huyo hajafanya kazi.

Kijana kabla hujaitoa ya zamani chukua wino wa kudumu au msumari, weka alama ilipokaa, kwenye sensa na kwenye chuma. Usitoe kwanza ndio uanze kukumbuka.

Dada_Saketi

Naongezea kwa mzee. Hiyo sehemu ilipokaa ndio taimingi yako. Injini nyingi za namna hii zinataka moto upige kama nyuzi 28 hivi za mzunguko kabla pistoni haijafika juu, na CDI yenyewe ndio inachelewesha wakati wa kuwasha ili isipige teke. Wewe ukisogeza sensa kidogo upande usiofaa, CDI haijui, inapiga mapema, propela inarudi nyuma na kidole chako kiko hapo. Kitabu cha injini yako ndio mwamuzi wa namba. Na uvae glavu nene au tumia kijiti.

Waya wa sensa usiuache uning'inie, ufunge, lakini usiuvute ukanyooka, uache ulegee kidogo pale unapotokea, mtikisiko unakata pale pale.

Kipanga_wa_Igoma

Nimefunga jana usiku kwa tochi ya simu. Nimewasha nimejaribu, hakuna cheche kabisa, hata baridi!! Nimelala na mawazo

Dada_Saketi

Umegeuza sensa. Inasoma uso mmoja na ncha moja tu ya sumaku, ukiigeuza mgongo haioni kitu. Jaribu upande wa pili kabla hujalia. Na hakikisha sumaku haijang'oka kwenye habu wakati unafungua, hilo nalo hutokea.

Kipanga_wa_Igoma

Dada ubarikiwe, nilikuwa nimeigeuza kweli. Cheche zipo. Nimeipuliza na draya mpaka inanuka, cheche zipo. Dada yangu ameshajua draya iko wapi lakini hayo ni mambo ya familia.

Kipanga_wa_Igoma

Mrejesho wa mwisho natumaini. Leo jumapili nimerusha Kisesa, dakika kumi na moja nimeshusha mwenyewe kwa hiari yangu kwa sababu ya mafuta, nikajaza, nikarusha tena tisa. Haijazima. Skrubu ya mafuta nimepunguza kidogo kama mzee alivyosema na moshi umepungua kweli, Mpenda_Resi usikasirike.

Ila kuna kitu kipya. Nikipiga resi kubwa usukani wa mkia unatetemeka kidogo, kama mtu anashtuka. Chini nimezima injini hautetemeki.

Dada_Saketi

Umeme wa cheche unavuja unaingia kwenye redio yako. Ule waya mnene wa plagi umevikwa wavu wa chuma nje, kazi ya ule wavu ni kuzuia kelele hizo, lakini unafanya kazi tu kama umegusa mwili wa plagi vizuri kule kwenye kofia. Ulivyokuwa unatoa na kurudisha plagi wiki nzima naona kofia imelegea. Isafishe ndani, ikandamize mpaka usikie imekaa, iwe inabana haizunguki ovyo. Na pokezi ya rimoti iwe mbali na CDI, kama sentimita 30 kama nafasi ipo, betri ya injini na betri ya pokezi ziwe mbili tofauti. Kabla ya kurusha tena fanya jaribio la umbali injini ikiwa inanguruma, sio imezimwa. Imezimwa kila redio ni nzuri.

Kipanga_wa_Igoma

Kofia ilikuwa inazunguka kama kifuniko cha soda. Nimekaza kile kibano cha ndani, nimefuta na petroli, kutetemeka kumeisha, nimetembea na rimoti mpaka barabarani mdogo wangu anapiga resi, usukani umetulia tuli. Wabeja sana dada, wabeja sana mzee.

Boda_Injinia

Sasa ile CDI ya zamani si nzima? Niuzie basi nikaijaribu kwenye pikipiki

Kipanga_wa_Igoma

Hii ni ya volti sita mkuu, ukiiwekea betri ya pikipiki ya 12 utasikia harufu tu. Naitunza iwe spea.

Fundi_Mwaloni

Mi sitaki CDI. Hiyo sensa iliyokufa usiitupe, niletee hapa Mwaloni nataka niipasue nione ndani, nina vijana wawili nawafundisha. Njoo asubuhi kabla boti hazijarudi, baadae huwezi kuniona kwa mizigo.

Kipanga_wa_Igoma

Kesho saa moja nipo hapo mzee. Ipo kwenye kimfuko, safari hii nimeiweka mfukoni sio kabatini.